Udongo wa Kunawia

Mwanangu Selemani,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nakusalimu kwa karatasi ilhali uko chumba cha pili, nakusikia unavyoivuta zipu ya begi, inakwama, unaivuta tena. Nilikwambia begi hilo la mtumba zipu yake ina kiburi, lakini wewe na baba yako mkiona kitu rahisi masikio huziba. Haya, yaishe. Habari ya sweta, ya blanketi na ya baridi ya Nyanda za Juu, baba yako ameisema tangu juzi mpaka imekwisha ladha. Nauli unayo na namba ya mwenyeji wako unayo. Mimi nina jambo moja tu, na ni la jana.

Jana tulipomaliza kula, mbele ya baba yako na mjomba wako Athumani, ulikaa chini mkekani ukasema, "Mama, keshokutwa naondoka. Naomba radhi zako." Nami nikanyanyuka nikaenda jikoni. Nikamsikia kaka yangu anakohoa. Nikamsikia baba yako anasema mama yenu anaangalia moto. Moto gani? Moto nilikwisha uzima kabla ya kupakua, na wewe ulijua, kwa sababu maji ya kuuzimia uliniletea mwenyewe. Hukunifuata wala hukurudia ombi. Leo mchana kutwa umepita karibu yangu ukaniuliza kama ndoo zina maji, ukaenda kuchota. Ungenisusia ningejua la kufanya, maana kususiana nakuweza. Upole wako ndio unaonishinda.

Ndiyo maana naandika. Mdomo wangu umezoea kugomba tangu usichana, maneno laini unayakwepa. Labda mkono utaweza.

Nianze mbali kidogo, univumilie. Nguruwe niliyemjua mimi utotoni Ruaruke ni wa porini. Tulipanda dunguni, mimi na marehemu bibi yako, tukilinda mpunga na mihogo, na yeye hakukubali mnyama yule atajwe jina. Alimwita "yule bwana". Yule bwana akipita, shamba linafukuliwa mpaka mizizi. Asubuhi bibi yako alikuwa anapita tuta kwa tuta, anagusa mashina yaliyobaki, anasema alhamdulillah kwa kila shina lililosimama. Kwa hiyo kwangu mimi nguruwe alikuwa mwizi kwanza, najisi baadaye. Dini ilinikataza na njaa ikanikataza. Kwamba naye ana tumbo, na tumboni mwake mna maradhi yanayoweza kutufikia sisi tusiomla, hilo halikunipitia akilini hata siku moja.

Ulipochaguliwa chuo cha mifugo nilitangaza mtaa mzima hapa Kibiti. Nilitaja ng'ombe, nikataja mbuzi, nikataja na kuku. Kisha mwaka wa pili ukarudi nyumbani kwa mafunzo ya vitendo, ukasimama mlangoni na mabuti mkononi, ukaniambia umepangiwa nguruwe, kwa Baba Beni, yule mtu wa kutoka juu anayefuga vichakani nyuma ya barabara ya kwenda Ikwiriri. Nilicheka. Nikakwambia mzaha huo usimfanyie mama yako. Hukucheka nami. Ungeweza kunidanganya mwanangu, ungesema ng'ombe na nisingejua, kwani mimi nitafuata nini kule? Ukachagua kuniambia na kunitazama usoni. Nilikasirika siku nzima, lakini chini ya hasira palikuwa na kitu kingine ambacho sikukipa jina. Leo nakipa. Nilikuonea fahari.

Fahari hiyo hukuiona, ulichokiona ni sheria. Upite mlango wa uani, kamwe usipite wa mbele. Overoli ianikwe kamba yake peke yake. Sahani yako iwe ile ya buluu, na kikombe chake, vitundikwe msumari wake. Na kabla hujaingia unawe mara saba, mojawapo kwa udongo, kama tulivyofundishwa. Nilikuwekea ndoo ya maji na ndoo kuukuu ya rangi niliyoijaza udongo.

Kule ulikuwa unafanya kazi na glavu, unarudi umekwisha jisugua kwa sabuni huko huko, na bado ulinawa. Ulikuwa unahesabu kwa sauti ili nisikie nikiwa jikoni. Nami nilikuwa nahesabu nawe kimoyomoyo, nikikuvizia uruke moja nipate la kusema. Hukuruka hata siku ile uliyorudi na homa, ukinawa huku umeegemea ukuta.

Sasa ngoja niuseme ule udongo, kwa sababu kila nikiukumbuka nacheka na machozi yananitoka.

Nyuma ya jiko, kando ya matuta yangu ya mchicha na matango, palikuwa na kirundo cha udongo mweusi, laini, hauna kokoto. Ndio niliouchota. Nilijisifu kwamba udongo kama ule hata ustadhi hana. Na uzuri wake ulikuwa na sababu. Kila msimu nilinunua magunia ya mbolea kwa kijana wa mkokoteni, nayamwaga pale pale, nachanganya na majivu, nachota kidogo kidogo. Sikumuuliza mbolea ya mnyama gani. Nimuulize ya nini? Kwa akili yangu mbolea ni ya ng'ombe kama maziwa yalivyo ya ng'ombe. Nani atathubutu kuniletea mimi, Bi Zuhura, kinyesi cha mwingine?

Tena si wewe peke yako uliyenawia udongo ule. Tangu uanze kwenda kwa Baba Beni wasiwasi ulinishika. Ukigusa komeo nanawa, nikifua overoli nanawa. Na Salha, mtoto wa dada yako Ziada, alikuwa anakaa nasi na mama yake wakati ule, nikawa namnawisha naye. Alipenda kweli. Alikuwa anajipaka lile tope vidoleni, halafu anakimbilia matangoni, anachuma tango, anafuta kwenye gauni, anakula.

Unajua yaliyofuata. Tumbo la Salha likavimba, kikohozi kisichokwisha, chakula anakiangalia tu. Mimi nikasema chango, nikamchemshia mizizi. Jirani akasema jicho. Wewe ukasema zahanati, na Ziada akakusikiliza wewe, alhamdulillah. Wakampa dawa ya minyoo, na asubuhi akanipigia kelele kutoka kwenye poti lake. Mdudu mweupe, mnene kama bua la mpunga, bado anajinyonga. Nililifunika lile poti kwa kanga yangu. Nikamwambia Ziada, mtu asijue! Mjukuu wa muuza mchicha ana minyoo, nani atanunua kwangu?

Ulinikuta nakwenda nalo chooni mbiombio, ukaniomba nikuoneshe. Nikakwambia una wazimu. Ukasimama mbele yangu, hukunigusa, ukasema taratibu kwamba mficha uchi hazai. Methali hiyo nilikufundisha mwenyewe ulipokuwa unaficha kidonda cha mguu. Nikafunua.

Basi ukaanza kuzunguka uwanja, mikono nyuma, kama mtu aliyedondosha pete. Ukauliza Salha anacheza wapi. Ukauliza anakula nini kibichi. Ukachukua kidogo kwenye ndoo ya udongo, kidogo kwenye kirundo cha mbolea, ukafunga kwenye vikopo ukaenda navyo chuoni. Na njiani ukamtafuta kijana wa mkokoteni ukamuuliza lile ambalo mimi sikuliuliza miaka yote. Akakujibu bila aibu, mbolea ya ng'ombe imeadimika, ya kwa Baba Beni ipo tele na ni ya bure.

Uliporudi na jibu hukulisema mezani mbele ya dada yako. Ulingoja mpaka nikawa peke yangu namenya mihogo, ukavuta kigoda. Ukanieleza kwamba kwenye matumbo ya nguruwe wa kufugwa wanaishi minyoo wa namna namna, wengine warefu kama yule wa Salha, wengine wembamba kama unywele, na nguruwe mwenyewe anaweza kuonekana kanona. Mayai yao yanatoka na kinyesi, hayaonekani kwa macho, na yakishaingia ardhini yanakaa miaka, mvua inayapiga, jua linayapiga, yapo tu, yanangoja kidole au tango lisiloonja maji. Nikakuuliza, kwa hiyo mdudu wa Salha alitoka kwa nguruwe? Nilitaka useme ndiyo nipate wa kumlaumu, au useme hapana nipate usingizi.

Ukasema, "Mama, sijui. Mayai ya minyoo ya nguruwe na ya sisi watu yamefanana mno, hadubini yetu haiwezi kuyatenganisha. Ninalojua ni kwamba yapo kwenye mbolea, na yapo kwenye ile ndoo."

"Ndoo ipi?" Nami nilikuwa nimekwisha jua.

"Ya kunawia."

Mihogo ilimwagika. Nilikuambia maneno mwanangu. Nilikuambia umekwenda chuo kurudi kunifundisha tohara kwenye uwanja wangu. Nilikuambia kama nguruwe amekuingia kichwani, usitake na mimi aniingie. Wewe uliokota mihogo, kipande kimoja kimoja, ukaisuuza. Kisha ukasema maneno ambayo nimeyaweka moyoni mpaka leo: "Saba nitanawa, mama. Na udongo nitanawa. Naomba tu tubadili mahali pa kuuchota."

Kikulacho ki nguoni mwako. Miezi mizima nimesimama mlango wa uani kama askari nikiilinda nyumba na mikono ya mwanangu, kumbe mbolea ya yule bwana iliingia zamani kupitia mlango wa mbele, tena niliipokea mwenyewe na kumshukuru aliyeileta. Uliponiambia kwamba ulimuuliza mwalimu wa madrasa naye akasema udongo wa kujitoharishia sharti wenyewe uwe tohara, nilitaka ardhi ipasuke. Nililisoma hilo nikiwa mdogo. Nililijua. Sikuangalia miguuni pangu, basi.

Lakini hukuniacha nizame kwenye aibu, na hapo ndipo ulipoanza vituko. Baba yako alikuwa anachimba shimo la choo kipya, kile cha zamani mafuriko yalikuwa yamekijaza. Ukashuka shimoni, ukapanda na ndoo ya udongo mwekundu wa chini kabisa. Nikakufokea, unanitoa jalalani unanipeleka chooni? Baba yako alicheka humo shimoni mpaka akashindwa kupanda ngazi. Ukanieleza kwamba kule chini hakujafika kuku, hakujafika mtoto wala mbolea, na choo chenyewe hakijatumika. Halafu, ili moyo wangu utulie, ukachukua kikaango changu cha chapati. Cha chapati, Selemani! Ukaukaanga udongo kama karanga, unageuza kwa mwiko, jasho linakutoka, ukisema moto mkali hakuna yai linaloustahimili. Jirani akachungulia uani kuuliza mnakaanga nini leo, ukamjibu kwa adabu zako zote, "Udongo, shikamoo." Yule mama hakuuliza tena kitu nyumba hii kwa wiki nzima.

Kikaango nilikisugua mpaka kikang'aa, kisha nikakuachia kiwe cha udongo. Nilinunua kingine na nikanung'unika njia nzima ya sokoni. Matango niling'oa. Mchicha niliambiwa ukiiva sawasawa hauna neno, na wateja wangu nikaanza kuwaambia waoshe, wapike, wasiniletee habari za kula mboga nusu mbichi. Kile kirundo baba yako alikizunguka kwa miba, mtoto asikikaribie.

Siku chache baadaye nikajifunga kanga mbili nikaenda kwa Baba Beni kumpa vidonge vyake. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima. Nilipofika nikakukuta umechuchumaa na mkewe, unamwonesha jinsi ya kuwakata kucha watoto, na mbele yako amesimama yule mdogo wao, Beni, tumbo wazi. Lilikuwa tumbo la Salha. Limevimba vile vile, na kitovu kimetokeza vile vile. Mama yake alinitazama kwa macho niliyomtazamia Ziada siku ya poti, macho ya kuogopa kuchekwa. Maneno yangu yote yaliyeyuka. Baba Beni akaleta kiti, akakifuta kwa shati lake, akasema, "Mama Sele, tangu nije hapa mwanao ndiye wa kwanza kukaa chini kwangu."

Mkewe akaniletea maji kwenye glasi inayong'aa. Nikaishika. Nikaiweka chini. Nikasema nimefunga. Sikuwa nimefunga, na wewe ulijua, maana vitumbua vya asubuhi ile ulininunulia wewe. Uliinamisha macho usinione. Yule mama alisema "Mungu akupokelee saumu," akaipokea glasi yake kwa mikono miwili.

Nimekosea mengi maishani mwangu na mengi nimeyasahau, ila glasi ile bado iko mkononi mwangu. Huko uendako utapewa maji kwenye nyumba nyingi. Siwezi kukuamulia nyumba ipi na chombo kipi, wewe una elimu na una dini yako. Nakuomba tu usiseme umefunga kama hukufunga. Kama hunywi, sema asante, kaa kidogo, uliza habari za watoto.

Baada ya hapo nilikuwa nakuuliza habari za kule nikijifanya sijali, nawe ulikuwa unanijibu ukijifanya hujui kwamba najali. Nilijua mlipowatengenezea nguruwe sakafu ya mbao ili wasilale kwenye uchafu wao. Nilijua mlipowapa dawa. Nilijua mlivyoanza kulundika kinyesi na kukifunika kwa turubai kikaungua ndani kwa ndani miezi, ndipo kijana wa mkokoteni aruhusiwe kukigusa, naye akiuza aseme ni cha nini, anayetaka atwae na asiyetaka aache. Beni alinenepa. Hukuniambia, nilimwona mwenyewe barabarani akifukuza tairi, tumbo limerudi mahali pake.

Kisha ikaja hitima ya Nyamwage. Nisingeitaja kama ningeweza kukupa radhi bila kuitaja.

Mlikaa wanaume barazani, masinia yakaletwa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na wanawake wenzangu, nakuona. Ulikunja miguu kwenye sinia la kaka yangu, na kaka yangu akarudisha mkono wake. Akasema, hakupaza sauti ila alihakikisha anasikika, kwamba mikono ile inatoka zizini kwa nguruwe. Wengine wakarudisha yao. Wali ulikuwa unafuka moshi katikati yenu na hakuna aliyekula. Nilikuwa na jibu mdomoni. Ningeweza kusema kupitia pazia kwamba mikono hiyo imenawa saba na udongo uliopita motoni, yenu je? Mimi nisiyejua kunyamaza, siku ile nikanyamaza.

Wewe ukainuka. Nikadhani unaondoka. Ukaenda pembeni ukachukua birika na beseni, ukatoa kipande cha sabuni mfukoni mwako, ukarudi ukapiga goti mbele ya mjomba wako. "Mjomba, nawa." Akakutazama. Watu wanamtazama. Akanyoosha mikono. Ukammiminia, ukampa sabuni, ukangoja asugue mpaka kwenye kucha, ukamsuuza. Ukaenda kwa wa pili. Ukamaliza sinia lile ukaenda lingine, ukamaliza baraza zima, na wale wazee wasiojiweza uliwasugua mwenyewe. Walikataa kula nawe, lakini mikono walikupa. Ukala mwisho kabisa, umesimama, uani pamoja na wapishi. Nilikuona unavyocheka nao. Mwanangu, nimewaona mashekhe na nimewaona wakubwa, sijamwona mtu mwenye adabu nzito kama ile. Sijui uliitoa wapi. Kwangu hukuitoa.

Na tuliporudi nyumbani, nilikupakulia chai na mkate kwenye sahani ya buluu. Ndiyo. Baada ya kuyaona yote yale kwa macho yangu, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye ule msumari. Ukapokea ukasema asante mama.

Basi jana ulipoomba radhi, kaka yangu yuko pale, nikakimbilia jikoni. Niliona kama nikisema ndiyo nitakuwa nimemwambia yule bwana wa dunguni karibu ndani. Umenieleza kazi inayokungoja huko, nguruwe wanaozurura vichakani, nyumba zisizo na vyoo, tegu wa matumboni mwa watu ambaye mayai yake humwingia mtu mwingine kwa chakula au mkono mchafu, yakapanda mpaka kichwani akaanguka kifafa, hata kama hajawahi kuonja nyama ile maisha yake yote. Uliposema hayo nilimkumbuka Mwajuma, mwenzangu wa utotoni, tuliyeambiwa ana mashetani kwa sababu alikuwa anaanguka, na tuliyekatazwa kucheza naye. Nikakuuliza kama yawezekana ndiyo hiyo. Ukasema, "Sijui, mama. Maradhi ya kuanguka yana sababu nyingi." Neno hilo unalisema bila kuona haya. Mimi lingeniokoa mara nyingi kama ningelijua mapema, siku ya mbolea hasa.

Leo asubuhi ulipokwenda kuaga kwa Baba Beni, niliingia stoo. Udongo wa shimoni uliobaki baba yako hakuumwaga, aliutia guniani, upo nyuma ya majembe. Nikautoa udongo, nikakitoa kile kikaango, nikawasha moto. Nilikaanga mwenyewe. Kumbe ni kazi! Mkono unauma, vumbi linaingia puani, na ukiacha kugeuza unashika chini. Nikawa nageuza nikawaza kwamba kijana huyu alifanya hivi jua kali si kwa ajili yake, yeye sabuni ilimtosha, bali kwa ajili yangu, ili nisichague kati yake na dini yangu. Hapo nikakaa chini kwenye majivu nikalia. Baba yako akachungulia, akarudisha kichwa, ana akili zake siku nyingine.

Nimeuchekecha kwa chekecheke langu la unga, nimeujaza kwenye kopo la maziwa, nimefunga kwa mpira. Utalikuta kwenye begi, ndani ya buti la kulia. Ukiisha, chota wa huko huko, ardhi yote ni ya Mungu. Ila uukaange.

Sahani ya buluu nimeitoa msumarini. Sikuivunja, haina kosa. Nimeichanganya na nyingine, na asubuhi atakayeipata ataipata. Lakini wewe hutaihitaji, kwa sababu kifungua kinywa cha kesho ni sinia moja, mimi, baba yako na wewe, na mjomba wako nimemwita. Birika nitashika mimi. Akirudisha mkono wake safari hii, atanisikia, na Nyamwage nzima itanisikia.

Radhi zangu unazo, Selemani. Radhi za kwenda, za kazi yako yote na mnyama wake, na za kila mtoto utakayemponya tumbo bila kumuuliza anaswali wapi. Ulikuwa nazo hata jana nilipokuwa jikoni nautazama moto ambao haukuwepo.

Na kesho usiniletee mazoea ya kuzungukia uani na mabegi. Mlango wa mbele nitaufungua mwenyewe, nawe utatokea hapo.

Mama yako,
Zuhura